Usimlaani mchezaji aliyehama, chuo kilihama kwanza

Hebu jifanye wewe ni shabiki sugu wa Chuo Kikuu cha Washington State. Chuo kiko Pullman, mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Marekani uliozungukwa na mashamba ya ngano, yaani mtu wa Moiben akishuka pale hatashangaa sana. Msimu wa 2023 unampigia makofi Cam Ward, kwotabeki, yule mchezaji anayeongoza mashambulizi katika futiboli ya Marekani. Januari 2024 Ward anagura, anaenda Miami. Sawa, unameza mate, unamgeukia kijana aliyekuwa akisubiri nyuma yake, John Mateer. Timu inashinda mechi nane kati ya tisa za kwanza. Unanunua jezi. Desemba Mateer naye anatimka, anaenda Oklahoma, na wiki hiyo hiyo kocha Jake Dickert anahamia Wake Forest. Analetwa Jimmy Rogers kutoka South Dakota State. Anakaa msimu mmoja tu, kisha Iowa State wanamchukua.

Hiyo jezi utaifanyia nini?

Mashabiki wengi wa michezo ya vyuo Marekani wana hadithi kama hiyo, na wamechoka. Kila mwaka timu inakuwa kama matatu: hawa wanashuka, wale wanapanda, na wewe hujui hata jina la aliyekaa dirishani. Lawama zote zinamwangukia mchezaji. Ati ana tamaa. Ati hana uaminifu. Ati zamani walicheza kwa mapenzi.

Kabla hujakubali, elewa kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Michezo ya vyuo kule si kama hii yetu, ambapo watazamaji ni marafiki wa wachezaji na mpita njia aliyekimbia jua. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaketisha zaidi ya watu 107,000. Kasarani haifui dafu. Mwaka 2010 NCAA, shirikisho linalosimamia michezo hiyo, lilisaini mkataba wa dola bilioni 10.8 wa kuonyesha mashindano yake ya mpira wa vikapu ya wanaume kwa miaka 14. Mchezaji mwenyewe alipata karo, chumba, chakula na vitabu, basi. Mwaka 2014 Todd Gurley wa Georgia alifungiwa mechi nne kwa kupokea zaidi kidogo ya dola 3,000 za kutia saini vitu vya mashabiki. Saini yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe.

Mambo yaligeuka 2021. Juni mwaka huo Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Alston, majaji tisa kwa sifuri, kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuwabania wachezaji marupurupu ya kielimu. Tarehe 1 Julai wakaruhusiwa kupata pesa kutokana na majina na sura zao. Mwaka huo huo wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kufikia Aprili 2024 mtu aliweza kuhama mara nyingi atakavyo mradi anafaulu darasani. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha maafikiano ya kesi ya House: vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na waliocheza zamani wagawiwe kama dola bilioni 2.8 kwa miaka kumi.

Kwa hivyo milango miwili iliyokuwa imefungwa kwa makufuli, wa pesa na wa kuhama, ilifunguliwa karibu kwa pamoja. Purukushani ilikuwa lazima.

Msimamo wetu ni huu: shabiki ana haki ya kukasirika, ila anamtupia mawe mtu asiye wake.

Turudi Pullman. Washington State ilikuwa katika Pac-12, ligi ya vyuo vya upande wa Pasifiki ambayo mizizi yake ni ya 1915. Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuhamia Big Ten, ligi yenye makao yake katika majimbo ya kati, wakifuata pesa za televisheni. Mwaka uliofuata vingine vinane vikashika njia. Stanford na California, vyuo ambavyo viko karibu na Pasifiki, vikajiunga na ligi inayoitwa ya Pwani ya Atlantiki. Soma hapo tena. Wakabaki wawili tu, Washington State na Oregon State, kama watoto waliosahauliwa shuleni siku ya kufunga. Hakuna kijana wa miaka 19 aliyepiga kura katika mikutano hiyo. Na Ward aligura miezi michache baada ya ligi kuporomoka, si kabla.

Makocha nao? Lane Kiffin aliiacha Ole Miss mwishoni mwa Novemba 2025, timu ikiwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja, mchujo wa ubingwa ukiwa mlangoni, akaenda kwa wapinzani wao LSU. Mashabiki walimzomea, ndiyo, lakini hakuna aliyetunga kanuni ya kumzuia kufundisha mwaka mzima. Jimbo Fisher alipofutwa na Texas A&M mwaka 2023, mkataba wake ulimpa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. Ukitaka kuzungumzia pesa zinazoharibu michezo ya vyuo, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Na hiyo zamani ya mapenzi inayoliliwa, sisi Wakenya tunaijua vizuri. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa hiyo hiyo Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Kanuni za michezo ya ridhaa za wakati huo hazikumruhusu kulipwa waziwazi. Chuo kilibaki na sifa. Yeye alipitia miaka mingi ya taabu na kazi za vibarua Marekani kabla ya kurudi nyumbani, na alifariki Februari 2024. Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, akamaliza 2017, miaka minne kabla ya mlango kufunguliwa. Mapenzi yalikuwepo kweli, lakini yalikuwa ya upande mmoja.

Lakini tusijifanye kila kitu kiko sawa. Kuna jambo moja mashabiki wanalisema na wana haki kabisa. Wanalipa tiketi, wanalipia televisheni, halafu wanaombwa wachangie vikundi vya wafadhili vinavyokusanya pesa za kuwalipa wachezaji. Harambee ya kijana ambaye Desemba hayupo! Mkataba hawauoni, bei zenyewe ni za uvumi. Hata wachezaji wanaumia humo. Septemba 2024 kwotabeki wa UNLV, Matthew Sluka, alijiondoa timu ikiwa imeshinda mechi zote tatu za kwanza. Upande wake ulisema aliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo na hazikuonekana, chuo kikapinga. Dola laki moja kwa mdomo, jamani. Hata kibanda cha chipsi hukodishwi hivyo.

Dawa yake si kumfungia mchezaji tena. Ni mkataba ulioandikwa miaka, malipo, na fidia kwa atakayeuvunja, awe mchezaji au chuo, na wachezaji wawe na chama chao cha kukaa mezani na kujadili masharti. NBA inafanya hivyo kila baada ya miaka kadhaa na mashabiki wake wanajua nani atakuwepo msimu ujao. NCAA imechagua kwenda kwa Bunge la Marekani kuomba kinga dhidi ya kesi. Kinga bila majadiliano itaturudisha kule kwa Gurley.

Sasa tuje kwa sehemu inayokugusa wewe, kama unakimbia au una dada anayekimbia. Zile milioni 20.5 haziongezeki zenyewe. Katika vyuo vikubwa sehemu nono inaenda kwa futiboli na vikapu vya wanaume, kwa sababu ndivyo vinavyoingiza pesa. Michezo isiyoingiza kitu inakazwa mshipi, na riadha ni mojawapo. Chini ya maafikiano ya House, chuo kilichoyakubali hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya wakimbiaji 17 katika kikosi cha mbio za nyika, na 45 katika riadha. Namba 18, hata kama yuko tayari kujilipia karo, hana nafasi. Juni 2025 Washington State, chuo cha Rono, ilitangaza kwamba inaondoa michezo yote ya kuruka na kurusha na kupunguza mbio fupi, ibaki hasa na mbio ndefu. Mkimbiaji wa Iten anaweza kusema afadhali mimi. Mrusha mkuki wa chuo hicho alijikuta hana timu, na hakuwa amemwacha mtu yeyote.

Halafu kuna visa. Ukienda kwa visa ya mwanafunzi, sheria za uhamiaji zinabana sana kazi unayoweza kulipwa nje ya chuo, na kutangaza viatu ukiwa katika ardhi ya Marekani kunaweza kukuponza. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alihama West Virginia akaenda Kentucky, na 2022 akatajwa mchezaji bora wa vikapu vya vyuo nchi nzima. Wenzake walisaini dili zao wakiwa bwenini. Yeye alisubiri timu iende Bahamas Agosti 2022 kwa mechi za kirafiki ndipo afanye matangazo yake, nje ya mipaka ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi anavuka bahari ili apigwe picha. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema siku hizi wanamichezo wa vyuo wote ni mamilionea, muulize kama amewahi kuongea na Mkenya anayekimbia mita 10,000 huko.

Hatusemi usiende. Shahada bila deni, kocha, vifaa na mashindano makali kila wiki si kitu cha kuchezewa, na wengi wa waliotoka huku wamefanikiwa. Lakini kocha akikupigia WhatsApp baada ya mashindano ya shule, usimalize simu kwa asante pekee. Uliza ufadhili umeandikwa wa mwaka mmoja au wa miaka minne, maana mara nyingi ni mwaka mmoja mmoja. Uliza ukiumia goti muhula wa kwanza itakuwaje, na katika wale 17 anakuona wewe kama wa ngapi. Ombi la maandishi si dharau. Halafu muulize, kwa heshima zote, mkataba wake yeye unaisha lini. Atacheka, au atanyamaza kidogo. Usione haya. Mateer na kocha wake waliondoka wiki moja.