Nusu na theluthi kwa njia ya simu

Ndugu msomaji, yamkini nawe ni miongoni mwa wazazi ambao kazi yao iko mjini na mtoto wao yuko kijijini kwa bibi. Kama ndivyo, mazungumzo yetu ya Jumapili hii yanakuhusu. Nataka tuzungumze juya ya somo la Hisabati kwa watoto wa darasa la tano hadi la saba, lile linalofundishwa kwa njia ya mtandao, mwalimu akiwa huku na mwanafunzi kule, wakisikilizana papo kwa papo. Siku hizi matangazo ya tuisheni za aina hiyo ni mengi, na wazazi wengi wanalipa. Je, mtoto anajifunza, au anaangalia simu tu?

Mimi nililijua jambo hili kwa ajili ya mpwa wangu. Dada yangu anafanya kazi hapa Dar es Salaam, na mwanawe alikuwa akisoma darasa la sita huko kwetu Nassa, wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Wenye umri wangu mnakumbuka kwamba kabla ya mwaka 2012 sehemu hizo zilikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Leo makao ya mkoa ni Bariadi. Ni nchi ya pamba na dagaa, kando ya Ghuba ya Speke, na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita pale.

Tarehe 17 Machi, 2020, shule zilifungwa nchini kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Redio na televisheni zilirusha vipindi vya masomo. Watoto wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014 na ambacho kinafundisha Hisabati kwa katuni na nyimbo. Ni kipindi kizuri. Lakini televisheni, hata iwe nzuri namna gani, haimsikii mtoto anapokosea. Hapo ndipo binti mmoja wa ukoo wetu, mwalimu wa shule ya msingi hapa jijini, alipojitolea kufundisha kila Jumamosi saa 4 asubuhi kwa simu ya video. Kule Nassa ilipatikana simu janja moja, ya mjomba. Watoto wa nyumba ile na wa majirani wakawa tisa.

Nilikaa kando ya mwalimu Jumamosi tatu za mwanzo. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu. Mwalimu aliandika ubaoni 1/2 + 1/3, akaeleza habari za asili na kiasi, akafika kwenye KDS, kisha akauliza, “Mmeelewa?” Sauti tisa zikajibu kwa pamoja, “Ndiyo mwalimu!” Tukafurahi. Jumamosi ya tatu alimwomba mjomba apige picha madaftari yote na kuyatuma. Katika madaftari tisa, saba yalikuwa na jibu moja: 2/5. Walikuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini.

Mwalimu alinyamaza kwa muda. Akaniambia kwamba darasani angeligundua kosa lile katika dakika tano za kwanza, maana mwalimu wa Hisabati hafundishi ubaoni tu. Hupita kati ya madawati, huinama juu ya daftari, huona mkono wa mtoto unasita wapi. Simu ilikuwa imempokonya matembezi hayo. Nadhani hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi wa masomo ya mtandao hawakuambii: sura ya mwalimu inamfikia mtoto bila taabu, lakini kazi ya mtoto haimfikii mwalimu. Katika somo la historia hasara hiyo inaweza kuvumilika. Katika Hisabati, ambapo jibu ni mwisho tu wa safari na kosa limejificha njiani, haivumiliki hata kidogo.

Mwezi wa Mei nilipata likizo, nikaenda kujionea upande wa pili. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye ndoo, juu ya kigoda, chini ya mwembe. Watoto wawili wakubwa walikaa mbele. Wengine waliona visogo vyao. Wakubwa walipojibu, wadogo waliitikia. Mtandao nao ulikuwa ukikatika, na hapo nikang'amua jambo ambalo lingenichekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Katika Hisabati zetu kuna kigawe na kuna kigawo. Tofauti ni irabu moja ya mwisho, lakini maana zimetengana kabisa: vigawe vya 6 ni 6, 12, 18 na kuendelea, vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Katika simu inayokwaruza, irabu ile ya mwisho ndiyo inayomezwa kwanza. Watoto ambao lugha yao ya nyumbani ni Kisukuma walikuwa wakibahatisha neno, kisha wakibahatisha hesabu. Tangu siku hiyo mwalimu hakulitamka neno lolote kati ya hayo mawili bila kuliandika kwa herufi kubwa na kulisogeza mbele ya kamera.

Aliyeliokoa darasa lile ni bibi. Ni mama wa makamo ya miaka sabini, ambaye kisomo chake alikipata katika madarasa ya watu wazima, na KDS hajapata kuisikia. Alikuwa akichambua mboga kando, akamwita mjukuu wake. “Umepata ngapi?” Akajibiwa, “Mbili ya tano.” Bibi akauliza, “Umepataje?” Mtoto akaanza kueleza, akakwama. Mwalimu, aliyekuwa akisikia yote kwenye simu, akaidaka nafasi ile. “Shikamoo bibi. Naomba unisaidie. Kiwanjani una matuta mangapi ya viazi?” “Marahaba mwanangu. Yako mengi.” “Basi watoto wahesabu kumi na mawili tu.”

Wakaenda matutani, simu ikiwa mkononi mwa mjomba. Nusu ya matuta 12 ni mangapi? Sita, wakayawekea vijiti. Theluthi je? Manne, wakayawekea mawe. Jumla yenye alama ni 10 kati ya 12, yaani 5/6, na mawili yamebaki matupu. Kisha mwalimu akawauliza ile 2/5 yao ingekuwa matuta mangapi. Wakahangaika, wakaona haifiki hata matano. Msichana mmoja mdogo wa darasa la tano, ambaye Jumamosi zote nne sikuwa nimemsikia, akasema kwa sauti ya kulalamika, “Mbona ni pungufu ya nusu, na tumeongeza?” Ndugu msomaji, nimehudhuria mikutano mingi kwa ajili ya gazeti hili, lakini ni michache iliyonipa furaha kama swali lile.

Msidhani kwamba elimu ya mbali ni uzushi wa zama za simu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi yetu ilipoamua kumpeleka kila mtoto shuleni ifikapo mwaka 1977, walimu hawakutosha. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu wakiwa vijijini mwao, kwa masomo ya posta na redio. Mafunzo yale yalikuwa na upungufu wake, na wazee wa kazi hiyo hawauficha. Hata hivyo hawakuachiwa redio peke yake. Palikuwa na mratibu wa elimu wa kata na walimu walezi wa kuwakalisha chini na kuzisahihisha kazi zao. Na huko Nicaragua, katikati ya miaka ya 1970, Hisabati za shule ya msingi zilipofundishwa kwa redio, mtangazaji aliuliza swali kisha akanyamaza, ili watoto wajibu kwa sauti na kuandika, na mwalimu wa darasa alikuwa palepale.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Botswana. Katika kipindi kilekile cha korona mwaka 2020, familia zaidi ya 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano ziligawanywa. Baadhi zilitumiwa maswali ya Hisabati kwa ujumbe mfupi kila wiki. Nyingine zilipata ujumbe huo pamoja na simu ya mwalimu ya dakika kama 20, mzazi akiwa kando na mtoto akifanya hesabu huku akisikilizwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Ujumbe peke yake haukuleta faida ya kutegemewa. Ujumbe pamoja na simu ulileta. Nao hawakuhitaji simu janja, kitochi kilitosha. Nayataja haya kwa ajili ya mzazi anayesononeka kwa kuwa hana fedha za kununua kompyuta ndogo.

Sasa tuje kwenye nyumba yako. Kwanza idadi: watoto tisa kwa simu moja ni mkutano wa hadhara. Kule Nassa waliwagawa, watano saa 4 na wanne saa 5, nusu saa kwa kila kundi. Jumamosi ya mavuno ya pamba saa zenyewe zilisogezwa jioni, maana mtoto aliyeamka alfajiri kuchuma hana akili ya KDS. Simu ilihamishwa kutoka kwenye ndoo: wakaifunga kwa kamba kwenye tawi la mwembe, kamera ikitazama chini kwenye daftari, si kwenye uso. Mwalimu hakuhitaji kuona nyuso zao. Alihitaji kuona penseli. Mtandao ulipokuwa dhaifu walizima video na kubaki na sauti, ambayo hula kifurushi kidogo sana, na kazi ikatumwa kwa picha. Na neno “Mmeelewa?” lilipigwa marufuku. Mahali pake pakawekwa swali la bibi.

Hilo la bibi ndilo gumu kwetu sisi wa mjini. Tunalipa ada ya mtandao, tunamfungia mtoto chumbani na simu, tunarudi sebuleni tukiamini kwamba wajibu umetimia. Baada ya robo saa mtoto yuko kwenye michezo, na mwalimu anaendelea kuzungumza na giza. Hatukai naye kwa sababu tunaogopa kuulizwa tusichokijua. Dada yangu alikiri hivyo mbele yangu. Alikuwa akituma fedha za vifurushi kila mwezi, wakati mwingine akikopa, lakini alikuwa hajapata hata siku moja kumpigia mwanawe simu ili amsikie akikokotoa. Alianza mwezi wa Juni, kwa dakika 20 kila Jumatano baada ya kazi, daftari lake mwenyewe likiwa mapajani. Mara nyingine mtoto ndiye aliyemsahihisha.

Mpwa wangu sasa yuko sekondari. Darasa la chini ya mwembe linaendelea nyakati za likizo, likiwa na wajukuu wengine. Wiki iliyopita bibi alipiga simu yeye mwenyewe, nje ya ratiba. Ile theluthi ya mahindi anataka kuwagawia wanawe wawili sawasawa, na kila mmoja wao anadai kwamba anapunjwa; nusu ya theluthi ni ngapi? Mwalimu alimwomba ampe simu mjukuu wa darasa la tano. Tulisikia hatua za mtoto zikielekea matutani, kisha kimya, kisha, “Mawili kati ya kumi na mawili, mwalimu. Moja ya sita.” Na nyuma yake sauti ya bibi: “Umepataje?”