Boksi hilo la besi litakumaliza, msee

Kuna picha moja ambayo kila mpiga besi kijana anayo kichwani. Amesimama jukwaani, taa zinawaka, na nyuma yake kuna boksi la spika lenye kimo cha friji. Mimi pia nilikuwa na picha hiyo. Shida ni kwamba nilienda nikalinunua boksi lenyewe.

Lilikuwa la mtumba, spika nne za inchi 10, shilingi 45,000 kutoka kwa jamaa aliyekuwa akiacha muziki. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa karo ya muhula ambao sikurudi kuumaliza. Boksi lilikuwa na kilo 40 na ushei. Mimi naishi orofa ya nne na ploti yetu haina lifti. Ijumaa ya kwanza, mimi na mlinzi tulilishusha ngazi moja baada ya nyingine kama watu wanaobeba jeneza, na chini Probox ilikuwa inasubiri. Kwenda na kurudi, 1,800. Gigi yenyewe ilikuwa inalipa 3,500. Toa chakula, toa ya mlinzi, nikaingia nyumbani saa kumi alfajiri na elfu moja mfukoni na mgongo unaouma.

Sasa piga hesabu ya gigi 20. Shilingi 36,000 zimeenda kwa mwenye Probox. Kwa pesa hizo ningekaribia kununua boksi lingine. Nilikuwa nafanya kazi ya uchukuzi nikidhani nafanya muziki.

Ndiyo maana nataka tuongee, wewe unayeweka pesa kidogo kidogo ili ununue boksi lako la kwanza. Usilichague kwa macho. Usilichague kwa wati zilizoandikwa nyuma. Lichague kwa gigi unazopiga mwaka huu: unapiga wapi, unafika vipi, na ukumbi una mitambo gani. Jukwaa la ndoto yako likifika, litakuja na vyombo vyake.

Tuanze na hilo friji, kwa sababu ndilo linatupotosha. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa amplifaya ya SVT yenye wati 300, pamoja na boksi la spika nane za inchi 10. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huohuo. Boksi la aina hiyo bado linauzwa, na lile la kawaida lina zaidi ya kilo 60. Lakini jiulize kwa nini lilitengenezwa. Enzi hizo mitambo ya ukumbini ilibeba hasa sauti ya mwimbaji. Besi ilipaswa kufika kwa mtu wa mwisho kule nyuma ikitokea jukwaani, kwa nguvu zake yenyewe. Lilikuwa jibu la shida halisi.

Shida yako leo si hiyo. Kwenye kanisa kubwa au tamasha lenye mitambo ya maana, fundi wa sauti anachukua besi yako moja kwa moja kutoka kwenye tundu la DI nyuma ya amplifaya na kuipeleka kwenye spika kubwa za ukumbi. Boksi lako pale ni la kukusikilizisha wewe na mpiga ngoma tu. Ukija na friji, fundi atakuambia upunguze sauti, na atakuwa na haki. Umelipa Probox ili uambiwe unyamaze.

Mahali boksi lako linafanya kazi kweli ni kule kwingine: kilabu kidogo cha mtaani, ruracio, harusi ya hema, mugithi ya Jumapili jioni. Pale utakuta spika mbili kwenye vigingi, zimeshalemewa na sauti ya mwimbaji na kinanda. Ukipitisha besi humo, mwimbaji anaanza kukoroma. Hapo boksi lako ndilo besi yote. Na nje ni pagumu zaidi, maana hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Besi inaenda na upepo. Kwa hivyo kabla hujatafuta bei, andika gigi zako kumi za mwisho. Ngapi zilikuwa na mitambo iliyobeba besi? Ngapi hazikuwa nayo? Karatasi hiyo itakushauri vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Twende kwa muuzaji sasa. Ukiingia Luthuli, kitu cha kwanza utaambiwa ni wati. "Hii ni wati elfu moja, buda, hii itabomoa nyumba." Sisi tumelelewa na woofa za sebuleni zilizoandikwa PMPO elfu kumi na kitu, kwa hivyo namba haitushtui tena, lakini bado inatudanganya. Wati ni chakula ambacho spika inaweza kula bila kuungua. Haikuambii itapiga kelele kiasi gani. Namba ya kuuliza ni desibeli: ukiipa spika wati moja na ukasimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi?

Hesabu ni rahisi. Kila ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Boksi la desibeli 95 na boksi la desibeli 101 wametofautiana kwa 6. Maana yake, lile la pili likipewa wati 200 linapiga sawa na lile la kwanza likipewa wati 800. Yaani unaweza kununua amplifaya kubwa mara nne, ama ununue boksi zuri. Na ukiulizia desibeli ukakuta muuzaji anakutazama tu, tafuta karatasi ya boksi hilo kwenye simu yako mwenyewe kabla hujatoa hata senti.

Hapo pia ndipo wengi wetu hufanya kosa la nganya. Umepanda mat ya Rongai, besi ikakutikisa mbavu, ukawaza: nitoe woofa kama hizi, niziweke kwenye boksi, nimemaliza. Hapana. Woofa ya gari imetengenezwa kwa chumba kidogo kilichofungwa, na mara nyingi inahitaji umeme mwingi kutoa sauti hiyo. Ukiipeleka kwenye ukumbi, inakohoa. Tena inatoa sauti za chini kabisa peke yake. Gitaa la besi si mtetemo tu. Waya wa E unapoachwa wazi hutoa hezi 41, lakini sehemu kubwa ya kile sikio linashika iko juu zaidi ya hapo, mpaka ule mlio wa kidole kugusa waya. Ukipoteza sehemu hiyo ya katikati, watu watahisi kuna kitu kinanguruma, lakini hawatajua unapiga noti gani.

Utaniambia benga bila besi nzito si benga. Sawa, lakini rudi umsikilize D.O. Misiani na Shirati Jazz. Besi pale inatembea na kujibizana na gitaa la solo. Besi inayoongea hivyo inahitaji boksi linalotamka.

Kwa hivyo ukienda kujaribu, beba gitaa lako mwenyewe. Usisimame karibu na boksi. Rudi nyuma hatua nne au tano, maana huko ndiko watu huwa. Panda noti moja moja kwenye waya wa chini. Kama kuna noti inayoruka ghafla kuliko jirani zake, boksi hilo lina kilema, na ukumbini kilema hicho kitakuwa kikubwa zaidi. Halafu mwombe mtu apige chochote kando yako, hata kinanda cha dukani. Boksi linalosikika nene na tamu ukiwa peke yako ndilo mara nyingi linalopotea ngoma zikiingia.

Sasa jambo ambalo lingeniokoa mimi: omu. Nyuma ya boksi utaona 8 au 4. Chukua 8. Sababu ni hii. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa njia ya kawaida, amplifaya inaona omu 4, na amplifaya nyingi za besi za siku hizi zinaruhusu hapo na ndipo zinapotoa nguvu zake zote. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2, na nyingi haziruhusu hapo. Itajizima katikati ya wimbo, au itatoa moshi. Na usiunganishe boksi kwa waya wa gitaa, hata kama plagi inaingia. Waya huo ni mwembamba kwa kazi hiyo, utapata joto. Nunua waya wa spika, wenye plagi ya Speakon kama boksi lako lina tundu lake.

Ukishaelewa omu, mpango unajipanga wenyewe. Anza na boksi moja dogo la omu 8: spika moja ya inchi 12, au mbili za inchi 10. Tafuta zenye sumaku ya neodimiamu. Boksi kama hilo huwa na kati ya kilo 10 na 18, wakati lile la spika nne lenye sumaku za zamani hufika kilo 35 hadi 45. Gigi ndogo, unaenda na moja. Baadaye, pesa zikija na gigi zikikua, unanunua pacha wake na kumweka juu ya la kwanza. Umeongeza sauti bila kubadilisha amplifaya, na bado unabeba kimoja kwa kila mkono.

Ndiyo, boksi la sumaku nyepesi ni ghali. Na fizikia haitoi zawadi: boksi dogo, besi ya chini sana na kelele nyingi, huwezi kupata vyote vitatu kwa pamoja. Lazima uachilie kimoja. Mimi niliachilia ule mtetemo wa chini kabisa, na mpaka leo hakuna mlevi hata mmoja aliyewahi kunidai.

Kama bei inakushinda, kuna fundi seremala. Boksi la plaiwudi lililotengenezwa mtaani linaweza kuwa zuri sana, lakini usimwambie fundi akate tu kwa makadirio ya jicho. Kila spika ina vipimo vyake, vinaitwa vya Thiele na Small, na hivyo ndivyo vinasema boksi liwe na ujazo gani na tundu la hewa liwe na urefu gani. Programu ya WinISD ni ya bure na itakupigia hesabu hiyo. Mpe fundi vipimo kwenye karatasi, na usimame hapo akikata.

Na kabla hujanunua chochote kipya, fanya hili wikendi hii: inua boksi ulilonalo sasa. Liweke juu ya kreti mbili za soda, lielekeze kichwani mwako. Wengi wetu tunapigia miguu yetu besi, hatujisikii, tunaongeza sauti, na watu wa meza ya mbele wanaumia. Labda hukuhitaji boksi kubwa. Labda ulihitaji kreti.

Lakini si haki nikulaumu wewe peke yako. Mwimbaji anakuja na maikrofoni kwenye mkoba. Mpiga gitaa anakuja na amplifaya ya mkono mmoja. Wewe na mpiga ngoma mnabeba nyumba nzima, halafu pesa zinagawanywa sawa kama vile wote mmekuja kwa miguu. Viongozi wa bendi, usafiri wa vyombo utolewe kwanza, ndipo pesa zigawanywe. Besi inachezewa na bendi nzima. Ibebwe na bendi nzima. Na wenye vilabu, mmenunua runinga sita za kuonyesha mpira. Boksi moja la besi likikaa hapo kwenu ukutani litatumiwa na bendi zote zinazokuja, na mtaacha kuanza shoo saa moja kuchelewa mkingoja Probox.

Mimi lile boksi langu niliuza 30,000. Nililia kidogo, sitakudanganya. Sasa nina moja la inchi 12, kilo 14. Nalipakata kwenye mat, konda ananitoza kiti cha pili, mia moja, tunasonga. Gigi bado inalipa 3,500. Tofauti ni kwamba sasa nafika nazo nyumbani, na ngazi za orofa ya nne napanda peke yangu bila kumwamsha mlinzi.