Pini Moja Isizuie Chombo

Chombo kikipwelewa mchangani, watu hungoja maji yajae. Lakini chombo kilichokwama kwa kukosa kipuri, hata bamvua haikiondoi. Hiyo ndiyo taabu tunayotaka kuizungumza leo. Ni taabu ya wenzetu wa Mafia kwanza, tena ni taabu ya kila mfanyakazi aliye mbali na maduka makubwa ya mjini.

Mafia ni wilaya ya bahari. Mvuvi wa Jibondo, nahodha avushaye abiria baina ya Utende na Chole, mwenye kinu cha kusaga nafaka Kilindoni, na fundi cherehani aketiye barazani, wote wategemea mashine zilizotengenezwa mbali sana na kwao. Mashine ikiwa nzima, hapana anayeukumbuka umbali huo. Siku ikiharibika, umbali wote humwangukia mwenye mashine. Yampasa avuke bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, apande gari hadi Mbagala, aingie Kariakoo aulize duka baada ya duka, kisha arudi njia ile ile. Akifika kwake na kuona kwamba kipuri alichouziwa hakiingii, safari huanza upya. Siku zote hizo wavu umeanikwa, na watoto wahitaji kula.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kutupa mashine ya zamani na kununua mpya. Sisi hatukubali. Mashine mpya ya leo ndiyo mashine ya zamani ya kesho, na maji ya chumvi hayachagui. Mtu aliyeshindwa kupata kipuri cha shilingi chache hatapata mashine ya mamilioni. Tena nchi inayotupa kila kilichovunjika haiwezi kujifunza namna kilivyoundwa.

Wala si kweli kwamba kubuni kipuri ni jambo geni katika maji haya. Katika mwezi wa Novemba 1914, Waingereza walileta ndege yenye kutua majini katika kisiwa kidogo cha Nyororo, kimoja katika visiwa vya Mafia, ili iitafute manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mikono ya mto Rufiji. Rejeta ya ndege ile ikaharibika. Hapakuwa na rejeta ya ndege popote pale karibu. Meli ikatumwa Mombasa, ikarudi na rejeta ya gari la Ford, mafundi wakaifunga, na ndege ikaruka ikaiona manowari.

Wajerumani nao walikuwa na shida hiyo hiyo. Manowari yao ilikuwa imeingia Rufiji kwa sababu ya ubovu wa mashine, na vipuri vya Ulaya havikuweza kufika. Sehemu zilizoharibika zikafunguliwa, zikaburutwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, zikatengenezwa katika karakana huko, kisha zikarudishwa. Walioburuta vyuma vile porini walikuwa watu wetu. Historia za vita zimewasifu sana makapteni. Sisi twawakumbuka walioshika kamba. Ikiwa jasho la Waafrika liliweza kuponya mashine ya mkoloni kwa vita visivyowahusu, je, halistahili leo kuponya mashine ya mvuvi kwa riziki yake mwenyewe?

Na fundi wa kweli hatukosi. Katika Chole na Jibondo wako waundaji wa vyombo ambao hawakusoma ramani yoyote ya karatasi. Fundi huutazama mti uliopinda akaona taruma ndani yake. Ubao wa jahazi ukioza, haagizi ubao kutoka ng'ambo. Huchonga mwingine ukakaa pale pale, akaupigilia misumari na kuukalafati. Kwa jahazi, duka la vipuri ni msitu na mkono wa fundi. Jambo tunalolitaka ni kwamba akili hiyo hiyo ipewe chuma, ipewe vipimo na ipewe vyombo vya kazi.

Lakini yatupasa kusema kweli hapa, maana bahari haina huruma na mwenye kubahatisha. Si kila kipuri kifaacho kubuniwa. Katika mashine nyingi ndogo za boti, hasa zile za zamani, rafadha hushikwa na pini ndogo ya chuma laini. Ulaini ule ni wa makusudi: rafadha ikipiga mwamba, pini hukatika na gia hupona. Mtu asiyejua hiyo siri huona pini imekatika, akaudhika, akatia msumari wa chuma kigumu. Siku ya mwamba wa pili, msumari haukatiki, hukatika gia. Basi pini ya bei ya chai imegeuka hasara ya mwaka mzima.

Tena iko pampu ya maji ya kupozea mashine, ambayo ndani yake mna gurudumu dogo la mpira. Mchanga hulila, nalo likichakaa maji hayapandi na mashine huungua. Nahodha mwangalifu hutazama kila anapowasha kama maji yatoka nyuma ya mashine. Akiona yamepungua, hangoji. Uko pia mpira wa petroli. Mpira wa kawaida wa maji huharibiwa na petroli, ukavuja, na cheche moja yatosha kuteketeza chombo na waliomo. Mwenye kuubadilisha ovyo haweki akiba, bali anaweka rehani roho za watu.

Kwa hiyo twasema hivi: kishikio, kifuniko, komeo, bushi ya shaba na vyuma vingine vya namna hiyo, fundi hodari mwenye mashine ya kukereza aweza kuvitengeneza, tena vikadumu. Lakini kipuri kinacholinda moto, mafuta au maisha ya abiria kiwe cha aina yake halisi, au kipimwe na fundi ajuaye kazi yake kabla chombo hakijaondoka. Kubuni bila kujua si werevu, ni uzembe uliovaa kanzu ya werevu.

Sasa lifanyike nini?

Kwanza, visiwa kama Mafia vyastahili karakana kamili, yenye mashine ya kukereza vyuma, mtambo wa kulehemu na vyombo vya kupimia. Fikra hiyo si ngeni kwetu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa kutambua kwamba viwanda vidogo ndivyo vinavyomfikia mwananchi alipo. Kila mwenye umri wa kutosha ayakumbuka yaliyotupata mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika: malori yakalala juu ya mawe na viwanda vikafanya kazi nusu nusu, si kwa kukosa wafanyakazi, bali kwa kukosa beringi na mikanda. Funzo lile lilikuwa ghali. Tusilisahau kwa sababu maduka ya leo yamejaa.

Pili, wavuvi na vyama vyao vya ushirika wachague aina chache za mashine na kushikamana nazo. Leo huyu akopeshwa mashine ya aina hii, yule apewa ya aina ile na mradi mwingine, na mradi ukiisha hapana ajuaye vipuri vyake vilitoka wapi. Boti kumi za mashine kumi mbalimbali hazisaidiani. Boti kumi za mashine moja zaweza kuwa na sanduku moja la vipuri pale kijijini, nayo iliyokufa kabisa ikawa ghala ya zilizo hai. Wanaotoa mikopo ya boti, wawe wa Serikali au wa mabenki, waulizwe swali moja kabla ya sherehe ya kukabidhi: vipuri vyapatikana wapi, na kwa muda gani?

Tatu, fundi apewe elimu kwa lugha yake. Vitabu vya mashine huja kwa Kiingereza au kwa lugha za mbali zaidi, na fundi hodari wa Kilindoni hulazimika kukisia picha. Vyuo vya ufundi na VETA vina walimu wa kuweza kuandika kwa Kiswahili vijitabu vifupi vya mashine zinazotumika sana pwani: kipi kiangaliwe kila siku, kipi kibadilishwe kwa saa ngapi za kazi, kipi kisiguswe. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, yahitaji nia.

Mwisho, mwenye mashine naye ana wajibu wake. Asitupe kipuri kilichovunjika, maana ndicho kipimo. Akibebe aendapo dukani, na nambari iliyochorwa juu yake aiandike daftarini. Ajihadhari na vipuri vya bandia vya rangi ya kung'aa na bei ya kuchekesha. Aioshe mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila arudipo baharini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mashine huanza na tone la chumvi.

Wananchi wenzetu, uhuru wa mtu wa kisiwani hupimwa pia kwa uwezo wake wa kurudi nyumbani jioni kwa chombo kile kile kilichomtoa alfajiri. Mtu aliye baharini, mashine imezimika na mkondo wamvuta, hasaidiwi na hotuba. Husaidiwa na pini iliyo sawa, na fundi aliyeiweka sawa. Basi tumpe fundi huyo karakana, tumpe kitabu, na tumpe heshima yake.