APR imsajili nani? Tuanze na wanaobaki

KILA ligi inapomalizika, maneno mpakani huwa ni yale yale: APR inamleta nani, na inamtema nani. Rubavu wanabishana huku wakisubiri karatasi zao zigongwe muhuri, Rusumo madereva wa malori wanabishana juu ya chai, na Kagitumba ni vivyo hivyo. Wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania, Kongo na Uganda tulirudi na timu za huko mioyoni. Mpaka leo unaweza kumkuta mtu ni wa APR mchana na wa Yanga usiku, na haoni aibu. Kwa hiyo suala la usajili wa klabu hii si la watu wa Kigali peke yao, na tunaona tuna haki ya kulisemea. Wapenzi wa Rayon Sports watuvumilie, nao watapata zamu yao.

Ndani ya nchi APR haina la kumthibitishia mtu. Klabu hiyo ya jeshi, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2024/25 ukiwa wa 6 mfululizo. Taabu huanza inapovuka mpaka. Hadi ilipotolewa Oktoba 2025, ilikuwa haijawahi kukanyaga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Na aliyefunga mlango huo mara tatu mfululizo ni timu moja tu, Pyramids ya Misri. Mwaka 2023 ilikuwa 0-0 Kigali na 6-1 Cairo. Mwaka 2024 ikawa 1-1 hapa na 3-1 kule. Mwaka 2025 tulifungwa 2-0 nyumbani, tukaenda Cairo tukala 3-0. Anayetaka hesabu ni hii: mechi 6, mabao 15 ya kufungwa, mabao 3 ya kufunga.

Baada ya kila safari ya Cairo huzuka kelele kwamba wageni hawafai, turudi kwa wazawa. Kelele hizo zina historia. Mwaka 2012 APR iliamua kuchezesha Wanyarwanda watupu, na ikashikilia uamuzi huo hadi 2023. Yalikuwa makusudio mema na hatuyakejeli, kwani vijana wengi wa nchi hii walipata ajira na jina kwa sababu hiyo. Lakini ni kikosi hicho hicho cha wazawa kilichotoka 1-1 na Étoile du Sahel hapa nyumbani mwaka 2021, kisha kikafungwa 4-0 Tunisia. Mwaka huo huo kikaangukia Kombe la Shirikisho na kuondolewa na RS Berkane ya Morocco. Basi dawa ya wazawa imejaribiwa kwa miaka 11, na dawa ya wageni imejaribiwa tangu 2023. Mgonjwa bado yuko kitandani. Tunadhani umefika wakati wa kukubali kwamba swali lenyewe lilikuwa limekaa vibaya.

Tazama mechi zile sita kwa jicho la mtu anayefanya biashara. Mwaka 2023 benchi la APR lilikuwa na Mfaransa Thierry Froger. Mwaka 2024 alikuwapo Darko Nović wa Serbia. Mwaka 2025 alikuwapo Abderrahim Taleb wa Morocco. Mpinzani mmoja, makocha watatu. Na kila kocha huja na karatasi yake ya majina, huondoa wale aliowakuta na kuleta wale anaowajua yeye. Upande wa pili, Krunoslav Jurčić aliyetufunga 2024 ndiye aliyetufunga 2025, na mshambuliaji wao Fiston Mayele alikuwa kikosini miaka yote mitatu. Wenzetu walikuwa wanaongeza matofali juu ya ukuta, sisi tulikuwa tunabomoa kila Juni na kuchimba msingi upya. Kisha mechi za awali za Afrika zinaanza Agosti au Septemba, kabla wachezaji hawajajua hata mwenzao anapenda pasi ya mguu gani.

Mwandishi wa maoni haya ni mwalimu, na alisoma mkoani Kagera wakati wa ukimbizi. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF tulikuwa tunakusanyika kwenye redio moja, na hakukuwa na mtoto asiyeweza kukitaja kikosi chote kuanzia kipa Mohamed Mwameja. Simba ilifungwa na Stella ya Abidjan 2-0 mbele ya watu wake, tukalia sisi ambao hata uraia hatukuwa nao. Leo ninapowaomba wanafunzi wangu wanitajie 11 wa APR, darasa hugawanyika. Mmoja anataja kiungo aliyeondoka Januari, mwingine anataja beki aliyefika juzi. Wanaipenda timu, ila hawajui ni ipi.

Tuje sasa kwenye pengo lenyewe. APR haikosi mabeki wala viungo wa kutosha kwa kiwango cha ukanda huu. Inachokosa ni mtu wa kufunga mabao ugenini, mechi ikiwa ngumu na nafasi ikiwa moja tu. Na hapa ndipo tunaposhangaa, kwa sababu watu wa namna hiyo wamekuwa wakipita mlangoni kwetu kwa miaka mingi wakielekea Dar es Salaam.

Amissi Tambwe alikuwa Bujumbura, katika Vital'O. Timu yake ndiyo iliyoifunga APR 2-0 katika fainali ya Kombe la Kagame mwaka 2013 kule Sudan. Simba ikamchukua, na msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa Tanzania kwa mabao 19. Baadaye akiwa Yanga akachukua tena tuzo hiyo kwa mabao 21 msimu wa 2015/16. Meddie Kagere alizaliwa Uganda, akacheza hapa Rwanda katika Police na Rayon Sports, kila mtu akamwona. Alikwenda Gor Mahia ya Kenya, kisha Simba, akafunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 uliofuata. Msimu wa 2022/23 wafungaji bora wa Tanzania walikuwa wawili waliolingana kwa mabao 17: Saidi Ntibazonkiza, Mrundi, na huyo huyo Mayele, Mkongomani aliyefika Yanga mwaka 2021 akitokea AS Vita ya Kinshasa. Oktoba 2025 Mayele alikuja Kigali akafunga mabao yote mawili. Tulilipa kiingilio kumtazama mtu ambaye majirani zetu walimwona kabla Waarabu hawajamwona.

Hatusemi mchezaji wa Afrika Magharibi hafai. Victor Mbaoma wa Nigeria alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa ligi yetu msimu wa 2023/24. Lakini hata yeye hakumaliza msimu uliofuata. Hoja yetu ni namna ya kununua. Kila mwenye kibanda cha mitumba anajua kwamba belo hununuliwa likiwa limefungwa. Ukilifungua ukakuta makoti ya baridi wakati unauza Bugarama kwenye joto, hasara ni yako. Mchuuzi hana njia nyingine, ndivyo biashara ya belo ilivyo. Klabu kubwa inayo njia nyingine. Kwa nini basi imnunue mtu kwa picha za video zilizochaguliwa na wakala, wakati inaweza kumpeleka mtu wake Bukavu, Bujumbura, Kampala au Mwanza akakaa uwanjani mechi tano, akamwona kijana akiwa amechoka, akiwa amekasirika, akiwa amefungwa bao?

Dalili njema zipo na ni haki kuzitaja. Januari 2025 APR iliwachukua Denis Omedi na Hakim Kiwanuka kutoka Uganda, na katikati ya mwaka huo ikamchukua kiungo Ronald Ssekiganda, naye Mganda. Huko ndiko tunakotaka ielekee. Rayon Sports walipofika robo fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, wakitoka katika kundi lililokuwa na USM Alger, Yanga na Gor Mahia, kiungo wao alikuwa Pierrot Kwizera wa Burundi, mtu aliyejua nchi hii na lugha yake. Huyo hahitaji miezi sita ya kuzoea chakula.

Kuna watakaosema kwamba jirani naye ana miiba yake. Ni kweli. Agosti 2014 Rwanda iliondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa sababu mshambuliaji mmoja alikuwa na majina mawili na tarehe mbili za kuzaliwa, Daddy Birori huku kwetu na Etekiama Agiti Taddy kule Kongo. Congo-Brazzaville, ambayo tulikuwa tumeitoa uwanjani kwa penalti, ikalalamika na ikashinda mezani. Februari 2024 Héritier Luvumbu wa Rayon alifunga bao, akaonyesha ishara kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, akafungiwa miezi 6 na mkataba wake ukavunjwa. Mpira wa mpakani hauwezi kujifanya hausikii kinachoendelea mpakani.

Lakini sisi tuliorudi tunaijua habari ya majina mawili kuliko waamuzi wa Cairo. Cheti changu cha darasa la saba kina jina nililopewa na mwalimu wa Kihaya aliyeshindwa kulitamka la baba yangu, na nimelieleza jina hilo kwenye madirisha mengi. Watu wa aina yetu hawana nia ya kudanganya; maisha ndiyo yaliyowaandika mara mbili. Dawa yake ni kazi ya ofisi: klabu iwe na mtu wa kukagua karatasi za mchezaji kabla ya kusaini, aende hadi shule aliyosoma kijana na klabu ya kwanza aliyochezea. Mwenye duka la jumla Rusizi hukagua stakabadhi za mzigo wake kabla ya kuvuka Ruzizi. Haachi kununua Bukavu kwa kuogopa karatasi.

Na neno mgeni tulitumie kwa hadhari. Haruna Niyonzima ni mtoto wa Gisenyi, alianzia Etincelles, akachezea Rayon na APR, na tangu 2011 Yanga ikamfanya wake kwa miaka sita. Hakuna mwana Yanga aliyekuwa anamhesabu miongoni mwa wageni alipokuwa na mpira mguuni. Je, kijana wa Goma aliyekua akivuka kuja kutazama mechi uwanja wa Umuganda ni mgeni kuliko mtu aliyeshuka ndege jana?

Kuhusu vijana wetu wenyewe hatutasema mengi, ila hili ni zito. Shirikisho la soka, FERWAFA, limekuwa likiongeza idadi ya wageni wanaoruhusiwa, na klabu zote zimeshangilia. Novemba 2023 Amavubi waliifunga Afrika Kusini 2-0 pale Huye, na bao moja lilikuwa la Mugisha Gilbert wa APR. Mwaka mmoja baadaye wakaifunga Nigeria 2-1 kwao Uyo. Timu ile haikuokotwa njiani, wengi walipitia ligi hii wakipewa dakika za kucheza. Ikiwa kijana wa miaka 19 atakaa benchi nyuma ya mtu wa miaka 29 ambaye naye ataondoka Januari, tutakuwa tumewapoteza wote wawili. Mgeni anayestahili kulipwa ni yule anayemzidi mzawa waziwazi. Anayelingana naye tu hana haja ya tiketi ya ndege.

Kwa hiyo dirisha la usajili linapofunguliwa, matarajio yetu kwa viongozi wa APR ni haya. Kocha ajulikane kabla ya mchezaji wa kwanza kusajiliwa, na apewe mkataba ambao uongozi uko tayari kuuheshimu hata akifungwa Cairo. Atafutwe mfungaji mmoja, aliyeonekana kwa macho, hata kama fedha za wachezaji watatu zitamwishia yeye peke yake. Nafasi mbili za kikosini zitengwe kwa vijana waliolelewa na klabu, na kocha aambiwe hivyo siku anaposaini. Na kabla ya kutuletea picha za wageni wakishika jezi uwanja wa ndege, klabu itutangazie kwanza majina ya wale wanaobaki. Wapenzi wanataka kuyakariri.