Mfumo Huria na Ununuzi wa Kompyuta

Wapo watu wengi ambao, baada ya kusikia sifa za mfumo endeshi wa Linux, huuweka katika kompyuta mpakato mpya na kukuta kwamba mambo hayaendi kama walivyotarajia. Kompyuta huwaka vizuri na barua huandikika, lakini waifai haionekani, au sauti haitoki, au kompyuta iliyofunikwa na kutiwa mkobani hukutwa baadaye ikiwa moto na betri imekwisha. Hapo hutolewa hukumu mbili. Wengine husema kuwa mfumo huo ni wa mafundi tu, haufai kwa ofisi wala shule. Wengine humlaumu mtumiaji kwa kutosoma maelezo. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa hukumu zote mbili hazikulenga penyewe. Kikwazo kikubwa kimo katika namna vifaa vinavyotengenezwa na kuuzwa, na sehemu kubwa ya dawa yake imo mikononi mwa mnunuzi, kabla fedha hazijatoka.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mfumo endeshi ni programu kuu inayogawa kazi kati ya prosesa, kumbukumbu na vifaa vinginevyo vya kompyuta. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Tangu mwaka 1992 kimetolewa kwa leseni inayompa kila mtu haki ya kukisoma, kukirekebisha na kukigawa kwa wengine. Leo kiini hicho kina zaidi ya mistari milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni viendeshi, yaani sehemu zinazofanya ukalimani kati ya mfumo na kila kifaa: waifai, kamera, skrini, spika na kadhalika. Kila kifaa kina lugha yake. Mkalimani ambaye hakufundishwa lugha hiyo hawezi kulaumiwa kwa kunyamaza.

Je, ni nani wa kumfundisha? Ni mtengenezaji wa kifaa. Akitoa maelezo ya kifaa chake, au akiandika kiendeshi mwenyewe na kukitoa wazi, mtumiaji hana haja hata ya kujua kwamba kiendeshi kipo. Akinyima, watu wa kujitolea hulazimika kukichunguza kifaa kwa kubahatisha, kama mtu anayejaribu funguo mia katika kufuli moja. Mgogoro huu ni wa zamani. Mnamo mwaka 1980 hivi, Richard Stallman wa chuo cha MIT nchini Marekani alinyimwa maandishi ya programu ya mashine ya kuchapia, na kwa hiyo hakuweza kuirekebisha iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU wa kuandika mfumo mzima ulio huria. Kampuni ya Broadcom ilitoa kiendeshi huria cha baadhi ya vifaa vyake vya waifai mwaka 2010, baada ya miaka mingi ya malalamiko. Kampuni ya Nvidia ilishutumiwa hadharani na Torvalds mwaka 2012. Ni mwaka 2022 tu ilipoanza kutoa wazi sehemu ya kiendeshi chake inayofanya kazi ndani ya kiini.

Kompyuta za siku hizi zimeongeza mambo mapya. Kompyuta za zamani zilikuwa na usingizi mzito: zikifunikwa, umeme ulibaki kwenye kumbukumbu na pengine penye haja tu. Nyingi za sasa zina usingizi mwepesi, ambamo mashine haizimi hasa, bali hutegemea kila kifaa kijitulize chenyewe. Kifaa kimoja kikikataa kulala, mashine nzima hukesha. Ndiyo sababu ya ule mkoba wenye joto. Aidha, vifaa vingi vya waifai havianzi kazi mpaka vipakiwe programu ndogo ya mtengenezaji, ambayo maandishi yake hayatolewi. Jambo hili liliwatia mashakani hata watetezi wa programu huria. Wanachama wa mradi wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na toleo lao la 12, la Juni 2023, likawa la kwanza kutia programu za namna hiyo katika nakala rasmi ya kusimikia mfumo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Shule ambayo njia yake pekee ya intaneti ni waifai haiwezi kuambiwa ikatafute kwenye intaneti programu ya kuwashia waifai.

Watengenezaji hujitetea kwamba siri za ufundi ndizo riziki yao. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mwandishi wa kiendeshi hahitaji siri za kiwanda. Anahitaji kujua ni amri gani kifaa kinapokea na kinajibu nini. Mkulima anunuaye trekta hupewa kitabu cha kulitunza bila kufundishwa namna chuma chake kilivyoyeyushwa. Isitoshe, mifano ipo ya kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Dell ilianza mwaka 2012 kuuza kompyuta mpakato ya XPS 13 ikiwa na Ubuntu ndani yake, na Lenovo ilianza mwaka 2020 kuuza baadhi ya ThinkPad zikiwa na Fedora.

Kwetu sisi jambo hili si la anasa. Kipindi cha kawaida cha utunzaji wa Windows 10 kilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti ya toleo lililofuata. Mfumo huria waweza kuziongezea maisha katika shule na zahanati zetu. Tena, programu iliyo wazi huruhusu mikono yetu iingie: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bila kungoja kampuni ya ng'ambo ione faida ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kamati za ununuzi za shule, vyuo na idara za serikali zizingatie mambo manne. Kwanza, kompyuta moja ya mfano ijaribiwe kabla ya malipo. Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Waifai, sauti, kamera na skrini vikaguliwe, kisha kompyuta ilazwe usiku kucha na kiasi cha betri kilichopungua kipimwe. Pili, vifaa vya ndani vitajwe kimoja kimoja, kwa kuwa kompyuta mbili za jina moja zaweza kuwa na waifai tofauti. Tatu, isipendelewe mashine iliyotoka juzi tu; viendeshi vyake huenda bado havijaingia katika kiini, na anayeilazimu kuinunua achague toleo la Linux lenye kiini kipya. Nne, hati ya zabuni iseme wazi kwamba mashine ambayo vifaa vyake havifanyi kazi kwa mfumo huria itarudishwa kwa gharama ya muuzaji.

Asiyefanya hivyo amekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwananchi mmoja mwenye kompyuta moja hana sauti mbele ya kiwanda, lakini wizara inayoagiza maelfu kwa mkupuo inayo, na muuzaji anayejua kwamba mzigo waweza kurudishwa atamwuliza mtengenezaji maswali ambayo sisi tumekuwa tukiyauliza bila kujibiwa. Sharti hilo la nne halihitaji sheria mpya wala fedha za ziada. Laweza kuandikwa katika zabuni ijayo.