Hujachora, Umebonyeza Tu!

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, amekuja na mpya. Kaposti katuni yake akiwa na koti la kifalme na macho makubwa kama ya mdoli, halafu chini kaandika: "Nimejichora mwenyewe." Mashabiki wakamwaga moto kwenye komenti. Una kipaji, kaka! Kumbe hata penseli hana. Kaingiza selfi kwenye apu, kabonyeza, kasubiri sekunde chache, basi. Ni sawa na mtu kuletewa chipsi mayai na bodaboda halafu akaita wageni waje kuonja mapishi yake.

Ingekuwa kiki tu, wala isingemuuma mtu. Shida ni kwamba wenye hela nao wameiga.

Mbali kabisa na Dar, kule Nyarero, wilayani Tarime, kuna kijana anayekula kwa kuchora kuta na mabango: vichwa vilivyonyolewa kwenye mabanda ya kinyozi, chupa za soda kwenye maduka, dume la ng'ombe kwenye bucha. Bosi mmoja wa bucha akapiga hesabu, akaona huyu dogo anamaliza hela. Mpwa wake akamtengenezea ng'ombe kwenye simu, wakaenda Tarime mjini kuprinti. Bango likatoka limewaka rangi, hakuna ubishi. Ila ng'ombe mwenyewe sasa! Mabaka meusi na meupe, mgongo umenyooka kama meza, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya kabisa. Na huko ni Ukuryani, ambako mahari ni ng'ombe na mtoto mdogo anajua ng'ombe wa kwao kwa rangi na pembe. Wateja wanauliza kama bucha limeanza kuuza maziwa.

Hakuna uchawi hapo. Apu inatoa ilicholishwa, na imelishwa zaidi picha za Marekani, Ulaya na Japani. Ikipewa picha ya bibi wa Kikurya mwenye ndewe ndefu zinazoning'inia, mtu asishangae akirudishiwa bibi wa kwenye filamu za Disney, masikio yamezibwa na makunyanzi yamepigwa pasi. Halafu mjukuu anaposti kwa furaha: "Bibi yangu jamani!" Bibi yupi?

Wasomaji wa jarida la Sani hawakupewa sura za namna hiyo. Jarida lile, ambalo jina lake lilitokana na majina ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwapa watu Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Philip Ndunguru na wenzake hawakuokota sura zile hewani. Walikaa mtaani wakaangalia mtu anavyotembea akiwa na madeni, anavyocheka akiwa anadanganya, shati linavyokaa kwa mtu aliyefulia. Mtu akimwona Lodi Lofa anajua kabisa, huyu yupo mtaa wa pili.

Wapo wajuaji watakaosema wachoraji wajiongeze, dunia imebadilika. Maneno matamu, ila yamechelewa. Wachoraji walishajiongeza zamani. Gado, Mtanzania aliyehamia Nairobi mwaka 1992 kuchorea magazeti ya Nation, mwaka 2009 alizigeuza katuni zake kuwa vikaragosi vya televisheni kwenye XYZ Show. Ubongo Kids, katuni za kompyuta zinazotengenezwa Dar es Salaam, zilianza kurushwa mwaka 2014. Vijana kibao leo wanachora kwenye tableti na karatasi hawaigusi. Hakuna aliyewalaumu. Kalamu ya tableti bado inashikwa na mkono, na mkono unaongozwa na jicho lililomtazama mtu. Anayelaumiwa ni yule asiyetazama chochote, kisha anadai sifa ya fundi.

Na tusidanganyane, apu haikuleta ubahili. Iliukuta. Kabla ya apu, bosi yuleyule alikuwa anamwambia mchoraji, "Nichoree kwanza, nitakupa promo." Admin yuleyule wa ukurasa wenye wafuasi kibao alikuwa anakata sahihi ya mchoraji pembeni ya katuni, anabandika nembo yake, anavuna laiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na mchoro umo ndani yake, lakini nani atamfungulia mtu kesi kwa ajili ya katuni ya elfu ishirini? Sasa wamepata kisingizio kizuri zaidi: "Laki ya nini wakati apu ni bure?"

Bure kwa nani? Machi 2025 mitandao ilifurika picha za watu waliogeuzwa katuni kwa mtindo wa Studio Ghibli ya Japani, bongo nzima nayo ikajaa. Mtindo ule wachoraji wa Ghibli waliujenga kwa mkono, filamu baada ya filamu, kwa miaka zaidi ya thelathini. Apu ikautoa kwa sekunde, na hakuna aliyebonyeza aliyekumbuka kujiuliza wenye mikono ile wanapata nini. Kama studio kubwa hivyo inachukuliwa kienyeji, dogo wa Nyarero atalindwa na nani?

Yule bosi wa bucha, aibu ilipozidi, alimwita dogo. Akamwonyesha bango, akamwambia aongezee nundu tu hapo mgongoni, na pembe kidogo. Dogo akasema elfu thelathini. Bosi akacheka: "Nundu tu? Si kazi ya dakika tano hiyo?" Dogo akabeba brashi zake, akaondoka.

Ng'ombe wa bango hana nundu mpaka leo.