Kambi, Wito na Kijana Aliyemaliza Shule



Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita inapokwisha, vijana wetu hurudi nyumbani na masanduku yao ya bati, na pamoja na masanduku hayo huleta swali moja zito: maisha yangu yaelekee wapi? Hapa Mpanda, na katika vijiji vyote vya mkoa wetu wa Katavi, jibu ambalo wengi wao hupewa upesi ni jeshi. Aende JKT, husema baba, huko atapata ukakamavu, na huenda akapata ajira. Nataka tulitafakari jibu hilo kwa utulivu. Si jibu baya. Hofu yangu ni kwamba aghalabu tunalitoa kabla hatujamsikiliza aliyeuliza.

Jioni moja alinijia kijana wa Katumba. Alikuwa akingoja kwenda kambini kwa mujibu wa sheria, na baba yake alikuwa amekwisha kuamua kwamba baada ya hapo atafute kwa kila njia kuandikishwa jeshini moja kwa moja. Bibi yake, kwa upande wake, alikuwa halali usingizi. Bibi huyo aliingia nchini mwaka 1972 akiwa na mtoto mgongoni, akikimbia mauaji ya Burundi. Mwaka ule, katika nchi ile, watu waliokuwa na elimu waliwindwa na askari wa nchi yao wenyewe, hata wanafunzi wa shule za sekondari. Kwa bibi huyo, sare ya jeshi si ajira wala heshima, bali ni mlio wa mlango unaovunjwa usiku.

Nikamwuliza kijana, Je, wewe mwenyewe wataka nini? Akanijibu, Padre, sijui kama nataka kuwa askari. Ninachojua ni kwamba sitaki kukaa nyumbani.

Nakiri mbele yenu kwamba jioni ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia asali, na Mungu atamwonyesha njia, kisha nikamwaga aende kwa sababu nilikuwa na kikao. Maneno yangu hayakuwa ya uongo, lakini yalikuwa mepesi mno kwa mzigo aliokuwa ameubeba. Makala hii ni jibu ambalo ningepaswa kumpa.

Historia yetu wenyewe

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi jambo hili lilivyoanza. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa Julai 1963, ili vijana wa Tanganyika huru wajifunze kufanya kazi pamoja, kuzalisha mali na kuilinda nchi. Januari 1964 askari wa jeshi lililorithiwa kwa wakoloni waliasi huko Colito, Dar es Salaam, na serikali ikalivunja jeshi hilo. Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jina lenyewe lilichaguliwa kwa makusudi, kwamba askari ni mwananchi aliyevaa sare, wala si bwana wa wananchi.

Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wasomi watumikie JKT kwa lazima. Miaka miwili ingetolewa kwa taifa, na kwa miezi 18 ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani zaidi ya wanafunzi 300, lakini hakuishia hapo. Alipunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa maoni yangu, hapo pana fundisho kwa kila mzazi na kila kiongozi: huwezi kumdai kijana sadaka ambayo wewe mwenyewe hutaki kuitoa.

Utumishi wa lazima ulisitishwa mwaka 1994. Vijana wa kujitolea walianza kupokewa tena mwaka 2001, na mwaka 2013 wahitimu wa kidato cha sita wakaanza kuitwa upya kwa mujibu wa sheria. Mimi ni wa kizazi kilichopita katikati. Tulimaliza kidato cha sita bila kwata wala mchakamchaka, na wengine wetu tukaenda moja kwa moja seminarini. Sijivunii jambo hilo. Mara nyingi, nikiwasikia wazee wakisimulia jinsi walivyolala hanga moja Mhaya na Mmakonde, Mkristo na Mwislamu, mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima, nimetambua kwamba walipata kitu ambacho sisi tulikikosa.

Kanisa lasemaje?

Wapo waamini wanaodhani kwamba Mkristo kamili hawezi kuwa askari, na wapo wanaodhani kwamba suala la dhamiri halimhusu askari hata kidogo. Wote wawili wamekosea. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaagiza watupe silaha. Aliwakataza kupora na kusingizia watu, akawataka watosheke na mishahara yao. Bwana wetu aliistaajabia imani ya akida wa Kirumi kule Kafarnaumu. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba wanaoitumikia nchi yao jeshini ni watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na wakiitimiza kazi hiyo inavyopasa wanachangia amani kwa kweli. Lakini Mtaguso huohuo ulidai pia kwamba sheria ziwatendee kwa utu wale ambao dhamiri yao inawakataza kushika silaha, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa namna nyingine. Tena ukafundisha kwamba amri ya kuangamiza watu wasio na hatia haimwondolei hatia anayeitii.

Kwa hiyo kijana anayefikiria jeshi hana budi kuambiwa ukweli wote. Askari wetu walipoivuka Kagera katika vita vya mwaka 1978 na 1979, hawakwenda kwa gwaride. Tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja huko Semuliki, mashariki ya Kongo. Walikuwa wana wa watu, na wengine walikuwa vijana. Anayeingia jeshini anaahidi kwamba yu tayari kufa na, jambo lililo zito zaidi, kwamba yu tayari kuua. Ahadi ya namna hiyo haitolewi kwa sababu tu mtu hataki kukaa nyumbani.

Karema, mwalimu wetu wa jirani

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kule Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, misheni yetu kongwe ilianzia ndani ya ngome ya kijeshi. Ngome hiyo ilijengwa na Wabelgiji tangu mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mahali pa bunduki pakawa mahali pa altare.

Watu wawili wa historia hiyo wanatuhusu leo. Wa kwanza ni Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari katika jeshi la Papa huko Italia, kisha akaja ziwani kwa ombi la Kadinali Lavigerie ili kuwalinda watu dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Hakurudi Ulaya kustarehe. Alioa huku, akazeeka huku, akafa ng'ambo ya ziwa mwaka 1927. Wa pili ni Adriani Atiman, Mwafrika wa pande za Timbuktu, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu wagonjwa na kufundisha dini hadi kifo chake mwaka 1956. Mmoja alishika bunduki, mwingine alishika dawa, na wote wawili walikuwa na adui mmoja, yaani utumwa na maumivu ya wanadamu.

Nawaomba mwone lililo la maana hapa. Atiman angekuwa na sababu kuliko mtu yeyote za kutafuta silaha na kulipiza kisasi. Hakuna aliyemwonyesha ramani ya maisha yake. Alichojiuliza, kwa kadiri matendo yake yanavyotuonyesha, si nitapata nini, bali nani ananihitaji. Swali hilo ndilo linalozaa wito, uwe wa askari, wa mwuguzi, wa mwalimu, wa mkulima au wa padre.

Makosa yetu

Kosa la kwanza ni kuigeuza kambi kuwa ofisi ya ajira. Twafahamu kwamba nafasi nyingi katika majeshi yetu hupitia JKT. Si ajabu basi vijana wa kujitolea wakienda wakiwa na tumaini hilo moja tu. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi alitangaza kwamba vijana 854 wameondolewa JKT baada ya kugoma na kutaka kuandamana, wakidai ajira waliyoamini kwamba wameahidiwa. Mwaka uliofuata walisamehewa. Siwatetei waliovunja nidhamu ya jeshi, maana jeshi lisilo na nidhamu ni hatari kwa raia; tuliliona jambo hilo mwaka 1964. Hata hivyo haki yadai kwamba kijana ajue tangu siku ya kwanza, kwa maneno yaliyo wazi na yaliyoandikwa, ni nini anachoahidiwa na ni nini asichoahidiwa. Kumwacha mtu alishwe na tumaini la kubahatisha ni dhuluma, hata kama hakuna aliyetamka uongo.

Kosa la pili ni rushwa. Majeshi yenyewe yametoa maonyo mara kwa mara kuhusu matapeli wanaojifanya wana uwezo wa kuuza nafasi. Lakini tapeli hawezi kuishi bila mnunuzi. Mzazi anayeuza ng'ombe wawili au shamba la mpunga ili mwanawe apitishwe, kwanza anaibiwa. Na hata kama angefaulu, angekuwa amempokonya nafasi mtoto wa mjane asiye na ng'ombe. Kisha twashangaa askari wa namna hiyo akidai chochote barabarani! Aliingia kwa kununua, atataka kurudisha mtaji.

Kosa la tatu ni letu sisi mapadre na viongozi wa walei. Kijana akitaka kuingia seminarini, tunamwandalia semina, mafungo, mlezi na barua ya paroko. Akitaka kwenda jeshini, kuolewa, machimboni au mjini, hatumwandalii kitu. Ni kana kwamba Mungu huita watu kwa altare tu, na wengine wanajiendea wenyewe.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo machache, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, katika kila jumuiya ndogo ndogo, vijana wanaomaliza shule waalikwe jioni moja wasikilizwe. Hotuba zitangoja siku nyingine. Tumwulize kila mmoja ni kazi gani aliyoifanya ikamwachia amani moyoni hata baada ya kuchoka, na ni wazo gani linalomfurahisha kwa saa moja na kumwacha mtupu siku ya pili. Hivyo ndivyo Ignasi wa Loyola, askari aliyejeruhiwa Pamplona mwaka 1521, alivyoanza kuitambua njia yake, akiwa kitandani, mguu umevunjika, akipima mawazo yake mwenyewe.

Pili, parokia iwakutanishe vijana na wazee waliowahi kuwa JKT, waliopigana Kagera, na askari wastaafu. Waseme mazuri na machungu. Na bibi wa Katumba naye apewe nafasi ya kusema, kwa maana hakuna somo la uraia litakalomfundisha askari mtarajiwa thamani ya nidhamu kuliko machozi ya mtu aliyekimbizwa na askari wasio na utu.

Tatu, muda wa kambini kwa mujibu wa sheria uchukuliwe kama shule. Kijana aende kwa moyo mkunjufu, ajifunze kuamka mapema, kushika jembe, kutii na kuishi na asiyefanana naye. Lakini uamuzi wa maisha ausubirishe mpaka atakaporudi. Si aibu kurudi kutoka kambini na kuwa mkulima bora wa Mwese au mwalimu wa Mishamo.

Nne, wazazi tuapishane katika jumuiya zetu kwamba hatutatoa hata shilingi moja kununua nafasi ya mtoto. Heri kijana asiye na kazi mwenye dhamiri safi kuliko mwenye mshahara aliyefundishwa wizi na baba yake.

Yule kijana wa Katumba nilimfuata baadaye nyumbani kwao. Nilimkuta na bibi yake wakipura maharagwe. Nilimwomba radhi, nasi tukazungumza mpaka giza likaingia. Hajaamua bado, na mimi sikumwamulia. Lakini bibi yake alimwambia neno moja ambalo nawaachia ninyi nyote: ukivaa nguo zile, mjukuu wangu, uwe askari ambaye mama mwenye mtoto mgongoni akimwona atamkimbilia, asimkimbie.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni vijana wangapi katika jumuiya yetu waliomaliza shule mwaka huu, na ni nani miongoni mwetu amekwisha kuketi nao?

2. Je, tumewahi kutoa au kushauri kutolewa fedha ili mtoto apate nafasi? Tutarekebishaje?

3. Sisi wenyewe tunatoa sadaka gani kwa ajili ya taifa, tunapowadai vijana watoe yao?